Mjumbe wa Treni Isiyofika Kwetu

Homa Bay haina reli, hata ya kuchezea watoto. Migori nako hakuna. Ukitaka kuiona treni kwa macho yako lazima uende Kisumu, na wazee wengi wa huku wamekufa bila kuiona. Lakini kwa miaka kadhaa tulikuwa na mjumbe wa treni, tena mkali, na mimi nilimjua kuliko watu wengi kwa sababu ya kazi yangu.

Kazi yangu ni matanga. Siziki mtu, nakodisha hema, viti, jenereta na spika. Kuanzia Lambwe mpaka Rongo, mtu akifa na familia ikitaka sauti isikike, mimi ndiye napigiwa simu. Kwa Jumamosi moja tu nasikia hotuba za kumtosha mtu mwaka mzima, kwa hivyo sidanganyiki upesi. Mwanasiasa akishika maiki nimeshamjua kabla hajakohoa. Kuna wanaoipiga kofi kama wamenunua wao. Kuna wanaoimeza mpaka mate yanaingia ndani. Halafu kuna wale wanaoanza kwa kusema hawana mengi, na hao ndio humaliza mafuta ya jenereta yangu.

Huyo mjumbe wa treni alikuwa mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, na tulimwita Mheshimiwa kama tunavyowaita wote, wanaostahili na wasiostahili. Ilipoundwa kamati ya kanda ya kuiangalia treni ya abiria inayotoka Nairobi kuja Kisumu, kila kaunti ya upande wetu wa ziwa ilipewa kiti. Sisi na Migori, kwa kuwa hatuna reli, tulipewa kiti kimoja tugawane. Wenzake bungeni walikuwa wanagombania kamati ya barabara na kamati ya afya. Hiki cha treni hakuna aliyekitaka, wakamsukumia yeye huku wanacheka. Akakichukua. Haukupita muda watu wakaanza kumwita Min Reru, yaani mama wa treni, na waliotaka kumchokoza zaidi walimwuliza mtoto ataanza kutembea lini.

Alikuwa na jibu moja kwa wote hao. "Sikutumwa kuleta reli. Nimetumwa kuangalia ile ya wenzetu, kwa sababu waliojaa ndani yake ni ninyi."

Na ni kweli tulikuwa tumejaa ndani yake. Askari wanaolinda mageti ya Nairobi, wasichana wanaofanya kazi za nyumbani, mafundi wa mjengo, wengi wao ni wetu. Hawaji nyumbani ovyo, wanakuja kuzika. Huku kwetu maiti hutoka mochari Ijumaa, inalala nyumbani kwake, na Jumamosi inazikwa. Nauli ya basi siku ya Ijumaa hupanda kama joto la mgonjwa. Basi aliyeachiliwa kazini Ijumaa mchana na hana kitu mfukoni alipanda treni ya jioni, asubuhi yuko Kisumu, anashika gari la Homa Bay au la Migori, na kabla ya jua kupinduka yuko kando ya jeneza. Ndiyo maana treni ya Ijumaa ilikuwa ya wafiwa. Ungeingia ndani ungefikiri ni matanga yenye magurudumu.

Yeye aliliona hilo mapema, na ndipo alipopata njia yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mjumbe mwingine. Waheshimiwa wengine wakitaka maoni ya wananchi wanaita mkutano, wanachelewa kuja, wananunua soda. Yeye alienda matangani. Na hakutaka ile nafasi ya wanasiasa kabla ya mazishi, ambayo wenzake huipigania mpaka wanasukumana mbele ya mjane. Alingoja marehemu azikwe, wenye kulia walie, wali na nyama vianze kugawanywa. Hapo ndipo aliponijia na kusema, "Fundi, nipe ile isiyo na waya."

Mara ya kwanza nilikataa. Nilijua wanasiasa, nikasema betri imekwisha. Akaitazama taa ya kijani pale kwenye maiki, akanitazama mimi, akanyoosha mkono tu. Nikampa. Akaingia hemani katikati ya sahani za watu akaanza kuuliza nani alikuja na treni, alikaa behewa lipi, choo kilikuwaje, maji yalikuwepo, mlango ulifunga. Watu waliona haya. Mtu ana mfupa mdomoni na anaulizwa habari ya choo kwa spika inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. Mchungaji mmoja alimfuata kumwambia kwamba hapa ni mahali pa huzuni. Akamjibu kwamba anajua, na kwamba hao wenye huzuni walikuja wamesimama njia nzima, je, mchungaji anapendekeza awaulize lini? Mchungaji alirudi akaendelea kula.

Baada ya matanga machache watu walizoea. Ikafika mahali wengine wakija kutoka Nairobi wananiuliza mimi kwanza, Mheshimiwa yuko? Wana neno lao kuhusu dirisha.

Msidhani alikuwa malaika. Kwanza alipenda kula, na hakujificha. Foleni ya chakula ikianza alikuwa pale mbele na waimbaji wa kwaya, na ukimtania anakwambia mwenye njaa hasikii malalamiko ya watu. Pili alikuwa mchelewaji wa kupindukia. Huyu mwanamke aliyeweza kumsema meneja wa treni mbele ya kamati kwa ajili ya kuchelewa, hakuwahi kufika kwenye matanga kwa wakati hata siku moja. Sisi tumeshamaliza kusoma wasifu wa marehemu, tunaona vumbi linakuja, tunajua ni yeye. Siku moja nilimwuliza haoni aibu. Akasema, "Mimi nikichelewa nina sababu, sina reli. Treni ina reli, itapotelea wapi?"

Na la tatu, treni yenyewe ilikuwa inamtapisha. Hili wengi hawakulijua. Alikuwa na gari la kaunti na dereva, angeweza kwenda Nairobi amejinyoosha, lakini kila alipokuwa na safari alipanda treni, daraja la chini, na kila mara alishuka macho yamemwiva. Mume wake alikuwa mtu mpole, mkulima wa karanga na alizeti, asiye na maneno. Alimchemshia tangawizi na kumtilia kwenye chupa. Nilimkuta siku moja anaifunga chupa hiyo kwa kitambaa, nikamwambia, mzee, si umwambie tu asipande? Akacheka. Akasema amemwambia tangu mwanzo, na kwamba yeye alioa mtu, hakuoa ng'ombe wa kufungwa kamba.

Kiti kile, nimesema, kilikuwa chetu na cha Migori. Watu wa Migori hawakufurahi kuwakilishwa na mtu wa kwetu, na mimi siwalaumu. Sisi tungelalamika zaidi. Kwa hivyo alikwenda kwao mwenyewe. Kuna safari alinikodi kwa siku mbili nimfuate na spika, Isebania kwanza, halafu Muhuru Bay. Isebania alisimama karibu na wabadilishaji pesa, malori yanapita kwenda na kutoka Sirare ng'ambo ya mpaka, kelele tupu. Akaeleza kamati ni ya nini. Mzee mmoja wa Kikuria, mfugaji, akauliza swali la maana kabisa: treni itafika hapa mpakani mwaka gani? Mwanasiasa mwingine yeyote angesema mwaka ujao, Mungu akipenda. Yeye alisema, haifiki. Mimi sijui ya watoto wako, lakini kwako wewe, mzee, haifiki. Halafu yule mzee akamwambia asante kwa kutompotezea siku, akaenda zake na fimbo yake. Nusu ya waliokuwa wamekusanyika wakamfuata.

Nikamwambia kule kwenye gari kwamba kuna namna ya kusema ukweli ukiupaka mafuta kidogo. Akasema ahadi ni deni, na yeye hana mpango wa kufa na madeni ya reli.

Muhuru Bay ilikuwa habari nyingine. Kina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwa, walikuwa na hasira naye kabla hajafika. Walikuwa wamezoea kupeleka magunia Nairobi kwa treni, na sasa walikuwa wanateremshwa kwa sababu abiria wengine hawataki harufu. Wakamwuliza yeye ni mjumbe wa nani, wa pua za watu wa Nairobi? Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akachota omena kwenye turubai, akanusa, akawaambia hii haijakauka. Mnaifunga mbichi kwa haraka ya soko, halafu mnashangaa ikinuka. Nilianza kukunja waya zangu taratibu, maana niliona tutapigwa. Lakini kwenye kikao kilichofuata, watu wa Migori wenyewe walituambia, alikaa kooni mwa wakubwa wa reli mpaka wakaongeza behewa la mizigo, na akawapigia simu kina mama wa Muhuru kuwaambia limepatikana ila gunia bichi halitapanda. Walimtukana, wakakausha omena yao.

Alipenda kusema kwamba kiti ni cha kuulizia, si cha kukalia. Nilichoka kulisikia neno hilo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lile lililomjenga na kumbomoa kwa siku moja.

Wakubwa wa reli waliamua kuiondoa treni ya Ijumaa. Walikuwa na hesabu zao: mabehewa yanahitajika upande mwingine siku hiyo, na watu wa magharibi wanaweza kusafiri Jumamosi au Jumapili, kwani kuna haraka gani? Kwao Ijumaa ni siku ya starehe, mtu anaenda kupumzika. Yeye alieleza kikaoni habari ya mochari na mazishi. Wakamwambia hayo ni maneno ya mdomo, na tena anatoka mahali pasipo hata na taruma moja la reli. Ndipo akawaambia waje waone kwa macho. Akawaalika matangani.

Nilikuwepo, spika zilikuwa zangu. Alikuwa amefariki mwalimu mstaafu huko Lambwe, mtu wa watu, na hema nilizozifunga siku hiyo zilikuwa nyingi mpaka nikaazima kwa mwenzangu wa Ndhiwa. Wakubwa wawili walikuja kutoka Nairobi pamoja na mwenyekiti wa kamati, wakakalishwa mbele kwenye viti vya kitambaa. Walikuwa na adabu, sitawasema vibaya. Na kila mtu pale alijua wamekuja kwa ajili gani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametangaza kanisani na sokoni: treni ya Ijumaa inaondolewa, wanaoiondoa wanakuja Jumamosi.

Lazima nieleze desturi yetu hapa, la sivyo hamtaelewa kosa lililofanyika. Matangani kwetu watu huitwa wasimame watambuliwe. Waliotoka Nairobi, simameni tuwaone. Wakwe, simameni. Kwaya, simameni. Chama cha kina mama, simameni. Kusimama ni heshima. Familia ikisimamiwa na watu wengi inaonekana ina watu, na anayebaki amekaa mpaka mwisho anajiona kama hana kwao. Tumelelewa hivyo.

Basi akachukua maiki, safari hii kabla ya mazishi kwa ruhusa ya wenye nyumba, akasema waliokuja na treni ya jana wasimame wageni wawaone.

Walisimama wote.

Nasema wote. Hema zote. Walisimama kwaya waliokuja kwa miguu. Walisimama waendesha bodaboda waliokuwa wameegemea pikipiki zao, wakasimama wima zaidi. Alisimama kiongozi wa kina mama wa kanisa letu, mama mwenye heshima zake, ambaye ninavyojua hajawahi kuvuka Kendu Bay. Walisimama kwa mapenzi, ndiyo ukweli. Walitaka treni ibaki, na walitaka mwalimu wao aonekane alikuwa na watu. Wale wakubwa waligeuka nyuma wakatazama, midomo wazi. Nami moyoni nikasema, kwisha maneno. Tumeshinda.

Angenyamaza tu. Angesema asanteni, kaeni, tuendelee na ibada. Hakuna ambaye angemlaumu.

Nilimwona anavyoyapitisha macho kwenye zile hema. Uso ulimshuka. Akasema, kwa sauti ya kawaida, ambaye hakupanda treni jana akae. Hakuna aliyekaa. Nani angekuwa wa kwanza? Akarudia. Wapi. Ndipo akashuka na maiki mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule kiongozi wa kina mama.

"Mama, wewe jana ulilala kwako. Nimekupita leo asubuhi ukichota maji. Kaa, tafadhali."

Hema lilicheka. Yule mama alikaa polepole, akavuta kitambaa chake cha kichwa mbele, na sikumwona tena akiinua uso siku ile. Akafuata kwaya, wakakaa. Akafuata waendesha bodaboda. Mstari kwa mstari, wengine akiwataja kwa majina ya watoto wao, mpaka waliobaki wamesimama hawakujaza hata hema moja. Walikuwa watu wenye mikoba, nguo zimekunjamana, macho mekundu ya kutolala. Nilikasirika. Nikaona ametuangusha mchana kweupe mbele ya wageni.

Akampa maiki msichana aliyekuwa karibu. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu, anafanya kazi katika nyumba ya watu Nairobi. Hakuwa msemaji. Alisema tajiri wake alimwachilia Ijumaa baada ya kupika cha mchana. Akasema nauli ya basi hakuwa nayo. Halafu akasema, "Bila hiyo treni ningemzika baba yangu kwa simu."

Akarudisha maiki.

Treni ya Ijumaa haikuondolewa. Walipunguza mabehewa, lakini iliendelea kuja. Mmoja wa wale wakubwa, wakati anaingia garini, alimwambia mbele yangu kwamba kama angewaacha watu wale wote wamesimama, yeye angerudi kuandika kwamba tumepanga uongo, kwa sababu treni nzima ikijazwa mpaka paa haiwezi kubeba umati ule. Alisema waliobaki ndio waliomshawishi. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, na nimelieleza jambo hilo kila mahali nilipoweza. Halikusaidia kitu.

Kwa sababu treni ilibaki, lakini aibu nayo ilibaki. Huku kwetu mtu akikukalisha chini mbele ya wageni, kwenye matanga, unaweza kumsamehe kwa mdomo tu. Kiongozi wa kina mama hakupiga kelele wala hakutukana. Uchaguzi ulipofika alizunguka nyumba kwa nyumba, akaongea na wanawake jikoni mwao. Na aliyegombea dhidi ya Min Reru alikuja na treni yake ya mdomo. Alisema akichaguliwa reli itafika Homa Bay na stesheni itajengwa wadi yetu, akapigilia mawe yaliyopakwa chokaa kwenye uwanja wa mnada kuonyesha mahali. Watu walienda kuyatazama hayo mawe siku ya soko. Walipomwuliza Min Reru anasemaje kuhusu stesheni, alisema hayo ni mawe.

Alianguka vibaya. Mimi nilimpigia kura na sioni haya kusema nililia, mtu mzima, nikiwa nimekaa kwenye spika yangu. Hasira yangu haikuwa kwa yule aliyeshinda, mwongo ni mwongo tu, ukimkuta anadanganya yuko kazini. Nilituonea hasira sisi.

Kiti cha kamati kikaenda kwa mheshimiwa mpya. Min Reru alirudi shambani kwa mumewe, wakaendelea na karanga zao. Matangani alikuja bado, kwa kuchelewa kama kawaida, akala kama kawaida, ila hakuniomba tena maiki. Watu kutoka Nairobi walimjia na habari zao za vyoo na madirisha, akawaambia wamwone mwenye kiti. Wakiniuliza mimi mwenye kiti yuko wapi, niliwaonyesha lile gari kubwa lililokuwa linaondoka kabla ya chakula.

Mume wake alifariki mwaka huu, baada ya kuvuna alizeti. Aliugua muda mfupi. Mjane aliniita mwenyewe, akaniambia hema ngapi, akasema jenereta iwe ile isiyopiga kelele kwa sababu marehemu hakupenda kelele. Nilitaka kuzifunga bure. Akaniambia niache ujinga, kila mtu ale kwa kazi yake.

Mtoto wao wa kwanza ni wa kiume, askari wa geti Nairobi, na kazini hakupata ruhusa mpaka Ijumaa mchana. Akapanda treni. Na katika mlango wa mume wake, yaani ukoo wao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Asipokuwepo, atapatikana mwingine wa kumshikia, lakini baba anakuwa ameenda bila kusindikizwa na wake, na jambo hilo husemwa kwenye hiyo nyumba miaka na miaka.

Jumamosi ilifika, saa za treni kuingia Kisumu zikapita, mtoto hajapiga simu. Simu yake ikawa haipatikani. Ibada ikafanyika. Hotuba zikafanyika, mheshimiwa mpya akashika maiki yangu na kusema hana mengi, mnajua yaliyofuata. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima ya Gwassi. Mchungaji akaangalia saa, alikuwa na mazishi mengine. Mheshimiwa alikuwa nayo mawili. Shemeji wa mjane, yaani mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, akaja akachuchumaa mbele ya kiti chake na kumwuliza wafanye nini, kwa maana mvua ikinyesha kaburi litajaa maji.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Yeye alikuwa amekaa kando ya jeneza tangu asubuhi, hajalia. Hakuna mtu kwenye kaunti hii aliyejua zaidi yake namna treni ile inavyoweza kuchelewa. Akamwambia shemeji yake, "Ikikwama inakwama tu, haipotei. Mtoto anakuja. Tungoje."

Shemeji akasema sawa. Mchungaji akakaa. Kiongozi wa kina mama wa kanisa akasimama mahali alipokuwa, akaanzisha wimbo, na ulipokwisha akaanzisha mwingine, na mwingine, na kina mama wakaitikia bila kuangalia mawingu. Nilimsogezea spika. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Mheshimiwa mpya alijaribu kuaga mara mbili, lakini gari lake lilikuwa limezibwa na bodaboda, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuziondoa.

Kijana alifika kwa pikipiki, mkoba mgongoni, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Watu walimpisha. Mama yake akainuka, akamshika mikono yote miwili. Nilikuwa karibu nikinyoosha waya, nikasikia neno la kwanza alilomwambia.

"Mlikwama wapi?"

Kijana akamwambia. Stesheni ndogo huko njiani, injini ilikufa kabla ya kupambazuka. Walikaa humo mpaka jua likawa kali, maji yakaisha, simu zikazima, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuwaambia neno. Behewani mwake kulikuwa na watu wa matanga manne. Mama alisikiliza mpaka akamaliza, anatikisa kichwa kidogo kidogo. Kisha akageuka kwenye hema la mbele.

"Mheshimiwa, umesikia? Kamati inaketi lini?"

Yule bwana akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama chini.

"Sijui, mama," akasema.

"Ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, Kisumu, asubuhi. Nenda ukawaambie hayo aliyosema mtoto wangu."

Hapo ndipo alipolia. Alimwegemea kijana wake akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekizuia tangu maiti ilipotoka mochari, na sisi wote tukasimama. Alipomaliza akajipangusa kwa kanga, akasema haya, twende tukamzike. Nikazima jenereta nikawafuata.